Bi Mkubwa na Baiskeli za Gia

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, hakosi mzazi wa kuniuliza kama zile baiskeli za gia za duka la ghorofa zinafaa kununua. Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua yaliyotukuta. Wengine wanatoka mbali, Fukayosi, hata Msata. Wanakuja mjini kwa shughuli zao, wanapita kwangu kununua vitumbua, na huku wanatafuna wananiambia, mama Mwanaidi, rangi yake inapendeza, ina springi mbele, ina gia, na bei yake ndogo kuliko zile nyeusi nzito. Sasa ubaya wake uko wapi?

Jibu la mkato ninalo. Msinunue. Lakini nikilitoa hivyo hivyo naona kama sijasema kitu, maana kilichoniumiza mimi si chuma. Chuma kikivunjika unakwenda kwa fundi. Basi naanza kuwaeleza habari za Bi Mkubwa, na vitumbua vinapoa.

Bi Mkubwa tulimwita hivyo sote, wanunuzi, majirani, hata wanawe aliowazaa. Duka lake wakati ule lilikuwa dogo, la mlango mmoja, kwenye mtaa wa zamani pale mjini. Sufuria, kanga, birika, taa, ndoo, vitu vimening'inia mpaka unainama kupita. Mtu akitaka kitu, kabla hajaambiwa bei, Bi Mkubwa anamtajia ila yake, yaani kasoro ya kile kitu. Alisema dini ndivyo inavyotaka, muuzaji asiifiche ila ya mali yake. Hiyo hukumu wengi tunaijua, tumeisikia darasani tangu wadogo. Yeye ndiye mtu niliyemwona anaitekeleza mpaka kwenye sindano.

Kanga hii inachuja, usiifue na nguo nyeupe. Birika hili mpini wake utalegea kabla ya Ramadhani. Ndoo hii nzuri, lakini usiiache juani. Alisema yote hayo bila kunyanyua sauti, kama mtu anayekuelekeza njia, halafu ndiyo anataja bei, na wewe unaamua. Na tulinunua! Hilo ndilo wageni walikuwa hawalielewi. Mtu ukishajua kitu kitakusaliti wapi, unakichukua kwa amani.

Wanawake tuliingia hata kama hatuna cha kununua, tukakaa pale kwenye kizingiti kumsikiliza. Mtu akianza na bei, Bi Mkubwa anamtazama kama aliyeingia msikitini na viatu. "Bei ndogo ni mlango tu, mwanangu," anamwambia. "Uliza kwanza ndani kukoje."

Na hakuishia kwenye mali. Kuna mpwa wake alipeleka posa kwa watu wa Chalinze. Wazee wa binti wakaja kumuulizia tabia za kijana, kama ilivyo desturi, wakaanzia kwa Bi Mkubwa, shangazi mtu. Ungetegemea amsifu. Akawakaribisha, akawaambia kijana mpole, anaswali, mkono wake hauna choyo. Wale wazee wakafurahi, wakaanza kujiandaa kuaga. Bi Mkubwa akawaambia wakae, hajamaliza, ila yake hajaitaja. "Asubuhi haamki mpaka amwagiwe maji. Mwambieni binti aje na ndoo." Posa ikapokelewa. Yule binti sasa ana watoto wake, na huwa anatuambia kwamba ndoa yake haijawahi kumshtua kwa lolote, na ndoo kweli alikuja nayo.

Vitu vyenye ila kubwa hakuviuza kabisa, wala hakuvitupa. Alivihamishia nyumbani kwake. Ukienda kumtembelea unakunywa chai vuguvugu, maana chupa zake za chai zote zilikuwa zile zisizoshika moto. Kikombe unakizungusha kwanza kutafuta upande usiomeguka. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia, ndiyo maana watu wa nyumba ile walikuwa wanawahi harusi za watu na kukuta bado wanafagia. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka, anasema anaishi na kasoro za Bagamoyo nzima.

Sisemi alikuwa malaika. Ukimrudishia kitu alikipokea, lakini kwanza awatangazie waliomo dukani jinsi ulivyokitumia vibaya, mpaka unatamani ungekiacha nyumbani. Na jirani yake mmoja waligombana miaka kwa sababu ya maji ya bati, mvua ikinyesha yanamwagikia upande wa yule jirani. Hawakusemeshana. Lakini kila Ijumaa sahani ya wali inavuka uani kwenda kwa huyo huyo jirani, na sahani inarudi imeoshwa, bila neno. Kitu kimoja tu sikuwahi kukisikia mdomoni mwake, nacho ni ila ya wanawe. Za mpwa alitaja, za mume wake marehemu alitaja na kumwombea rehema papo hapo. Za wanawe, hapana. Wakati ule niliona ndiyo uzazi ulivyo.

Mimi kwake nilikuwa zaidi ya mteja. Shule niliishia darasa la saba, nikaolewa. Nimeshafika umri wa thelathini na kitu, nikasikia kuna masomo ya jioni kwa watu wazima, mtu anaweza kufanya mtihani wa sekondari. Nilitaka. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, mtu mwema, lakini aliona aibu, mke wake kwenda na daftari kwapani watu wakimtazama. Bi Mkubwa akamwita dukani. Akamwambia, "Mkeo ana ila moja tu, kichwa chake kinafanya kazi na hakuna mtu aliyekifungua. Usiifiche mali namna hiyo, dhambi." Mume wangu akarudi nyumbani anacheka peke yake. Jioni iliyofuata nikaenda.

Na mtoto je? Mwanaidi alikuwa mdogo, sina wa kumwachia. Bi Mkubwa akasema aachwe dukani. Nikimaliza masomo napita kumchukua, namkuta amesimama juu ya kreti ya soda, anawaambia wanunuzi kwa sauti ya kukariri kwamba kijiko hiki kinapinda na taa hii utambi wake mfupi. Watu wazima wanamsikiliza, wanacheka, wananunua. Bi Mkubwa ameketi nyuma yake, ameridhika kabisa. Mwanangu alijua kutaja ila kabla hajajua kuandika jina lake. Yule mwanamke alimlea, lazima niseme. Nampa haki yake.

Mtihani nilifaulu. Si kwa kung'ara, lakini nilifaulu, na cheti changu Bi Mkubwa alikishika kwa mikono miwili.

Baadaye wanawe wakakua, wakaichukua biashara. Wakabomoa duka la mlango mmoja, wakapandisha ghorofa lenye vioo. Chini vyombo, juu nguo na viatu, nyuma magodoro. Mjini kwetu hatukuwa na duka la namna hiyo, watu walikuwa wanapanda ngazi kwa kutembea tu. Bi Mkubwa akawekewa kiti mlangoni, anakaa na tasbihi yake. Juu ya kichwa chake wanawe wakabandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sisi tuliomjua tulilisoma tukatazamana. Lakini bado ukipita unamwinamia kumsalimia, unamnong'oneza kwamba unakwenda kuchukua viatu, naye anakunong'oneza kwamba gundi yake haipendi mvua. Wanawe walijua. Walikuwa wanalalamika kwa utani, mama unatufukuzia wateja, yeye anaendelea na tasbihi.

Ndipo zikaja baiskeli. Zilikuja kwenye maboksi, zikaunganishwa huko nyuma, zikatundikwa ukutani nyekundu na buluu, matairi manene yenye meno, springi mbele, gia mpaka hujui uziguse vipi. Vijana walikuwa wanakwenda kuzitazama kama wanakwenda mpirani. Mwanaidi wakati huo yuko kidato cha nne. Shule yake iko nje ya mji, upande wa barabara ya Msata, anaamka kabla ya adhana na bado anachelewa. Baiskeli ya baba yake, nyeusi, nzito, inakwenda kwenye chumvi. Nikasema huu mwaka wa mtihani mtoto asichelewe tena.

Nikaenda. Bi Mkubwa yuko kitini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari ya baba Mwanaidi, chumvi mwaka huu inakaukaje, nikamjibu. Kisha nikamwambia nilichofuata.

"Nataka kumchukulia Mwanaidi baiskeli, hizi za gia. Ila yake nini, Bi Mkubwa?"

Tasbihi ilikuwa inatembea vidoleni mwake, ikasimama. Akatazama barabarani.

"Haina ila," akasema. "Mchukulie mtoto aende shule."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu, na kila nikiyarudia naona upumbavu wangu ulipo. Miaka yote ile, katika duka lile, hakijawahi kuuzwa kitu kisicho na ila. Sindano ilikuwa na ila. Kiberiti kilikuwa na ila. Kitu cha kwanza kuambiwa hakina, nilitakiwa nikiache pale pale. Mimi nilifurahi. Nilidhani hatimaye duniani kimepatikana kitu kizima, na kimeangukia kwa mwanangu.

Nyumbani mume wangu aliishika, akaibonyeza ile springi, akasema chuma chepesi hiki. Akaniuliza kama nimemuuliza Bi Mkubwa. Nikamwambia nimemuuliza. Akasema basi, akaegemeza baiskeli ukutani akaenda kunawa. Neno la Bi Mkubwa nyumbani kwetu lilikuwa na uzito huo.

Kwa mnaotaka kujua zinafaa au hazifai, nawaambia tulichokiona. Gia zilianza kurukaruka mapema sana. Hewa yetu ya chumvi ikaila cheni, ukiigusa inakuachia vumbi jekundu. Breki zikawa zinalia kuliko zinavyoshika. Baba yake alikuwa anakaza hapa, anapaka mafuta pale, tunasema kitu kipya kina mazoea yake. Mtoto alikuwa anawahi shule, na mimi nilikuwa nashukuru. Halafu asubuhi moja, pembeni ya lami, gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo dogo tu, na ile foki, ule uma unaoshika gurudumu, ukakatika pale ilipoungwa springi. Ulikatika kama muwa. Mwanaidi alitangulia na mikono. Mama mmoja muuza mananasi ndiye aliyemwinua, akamfunga mkono kwa kanga yake.

Ilikuwa kifundo cha mkono wa kulia, na jino la mbele. Jino tulilizoea. Mkono ulifungwa plasta, ulipofunguliwa ukaonekana umeunga vibaya, tukaenda nao Dar ukavunjwa upya. Mtihani wa kidato cha nne ukaja mwanangu hawezi kushika kalamu. Wenzake walipita mbele ya nyumba na rula zao mikononi, yeye amekaa dirishani. Mwaka uliofuata nafasi shuleni hakuna, akaambiwa atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasome jioni. Jioni! Pale pale nilipokuwa nasoma mimi. Mimi nilisoma jioni ili mwanangu asome asubuhi.

Na bado sikumlaumu Bi Mkubwa. Mume wangu alivibeba vile vipande mpaka dukani, wanawe wakamwonyesha tangazo. Akarudi amekasirika, anasema hata mama yao naye. Nikamkataza. Nikamwambia mwanamke wa umri ule atayajuaje mambo ya foki na springi, wamemdanganya hata yeye. Nilimtetea sokoni, nilimtetea msikitini upande wa wanawake, mtu akisema neno namkatiza.

Akaja mkwe wa Bi Mkubwa kumwona mgonjwa, mke wa mwanawe mkubwa. Kaleta machungwa. Ni mtu mwema, na hata leo simlaumu. Akakaa mkekani, akamshikashika Mwanaidi nywele, akasikitika kweli, machozi yanamlenga. Mimi namenya machungwa. Katika kutuliwaza akasema, vitu hivi vibaya jamani, wala hatuvipendi, "sisi wenyewe Mama alitukataza. Mtoto wangu alipanda moja kule nyuma ya duka, Mama akainama akaitazama, akamwambia shuka. Akasema mjukuu wangu hapandi hiki kitu. Wetu wamenunuliwa zile nyeusi."

Mwanaidi akanitazama. Mimi nikaendelea kumenya.

"Alikataza lini?" nikamuuliza, taratibu. "Baada ya Mwanaidi kuanguka?"

"Aka, kabla. Hata hazijatundikwa ukutani."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Sikwenda kumgombeza Bi Mkubwa. Mtu akikuibia unajua la kusema. Mtu aliyekupa daftari, akakulelea mtoto, akamfundisha kusema kweli juu ya kreti ya soda, kisha kwa mtoto huyo huyo akaifunga kweli mdomoni mwake, huyo unamwanzia wapi? Salamu niliendelea kumpa tukikutana, maana salamu ni ya Mungu. Shikamoo, marahaba, basi. Dukani sikukanyaga. Nilisikia watu wakisema hakai tena mlangoni, wala hamtajii mtu ila ya chochote. Wengine walisema umri. Mimi sikuchangia.

Mwaka juzi akapata safari ya Hija. Kwetu mtu anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa watu aliokaa nao, maana anakwenda mbele ya Mola na hataki kubeba haki ya mtu. Na majibu yake yanajulikana. Unamwambia nimekupa radhi, nenda salama, utuombee. Hakuna anayeuliza. Nimeshawajibu hivyo wengi.

Kwangu alikuja baada ya Adhuhuri, peke yake, kwa miguu. Alikuwa amepungua. Nikamtandikia mkeka barazani, nikampa maji. Tukasalimiana kwa kirefu, akauliza chumvi, nikauliza safari. Ndani Mwanaidi alikuwa anajisomea kabla ya kwenda darasani, pazia limeshushwa, tunasikia kurasa zinavyofunguliwa.

Akaweka gilasi chini. "Mwanangu, nakwenda kwa Mungu. Nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nipe radhi."

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Ulimi ukakataa.

"Cha kwa kujua ni kipi, Bi Mkubwa?"

"Haya hayaulizwi, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuuliza."

Nikadhani atanyanyuka. Akazungusha ile gilasi kwenye mkeka, kama anatafuta palipomeguka, na gilasi yangu ilikuwa nzima.

"Ule mzigo ulikuwa wa kwanza wanangu kuuleta wenyewe," akasema. "Ningeitaja ila yake, ungebaki wote ukutani. Ungewamaliza. Mali yangu niliitaja maisha yangu yote, unajua. Ile ilikuwa yao." Akaninyanyulia macho. "Na wewe ni mama. Hunielewi?"

"Nakuelewa," nikamwambia.

Nilimwelewa kweli, na hapo ndipo paliponichoma. Alipotazama barabarani siku ile aliwaona watoto wake upande mmoja na wangu upande wa pili, akachagua. Hakupitiwa. Hakudanganywa. Alimtoa mwanangu kafara akiwa na tasbihi mkononi.

Nikamwambia, "Mimi sikuvunjika, Bi Mkubwa. Radhi unayoitaka si yangu. Mwenyewe yuko ndani anasoma. Ingia umwombe."

Kurasa zikanyamaza kule ndani.

Bi Mkubwa akanyanyuka kwa kujishika ukutani. Akaenda mpaka kwenye pazia. Akalishika ukingo. Nilimwona mgongo wake, kanga imemteleza begani, na nilimwombea, wallahi, nilisema Mungu mpe nguvu hatua hii moja. Akasimama pale. Kisha vidole vikaliachia.

"Mtoto haombwi radhi na mtu mzima," akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote. "Nitamwombea dua kule."

Akavaa ndala zake. Nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi ya baraza, nikamwambia nenda salama, kwa sababu kumwombea mtu safari njema hakuna mgogoro. Lile neno lingine hakuniomba tena, wala sikumpa. Akashuka, akaenda polepole kwa kufuata kivuli cha kuta.

Pazia likafunguka. Mwanaidi ameshavaa buibui, daftari lake kwapani, anafunga ushungi kwa mkono wa kushoto kama anavyofanya siku hizi.

"Kaondoka?"

"Kaondoka."

Akatazama njia ile aliyopita Bi Mkubwa mpaka alipopotea kwenye kona.

"Ningempa, mama," akasema. "Angeingia tu."